Dawa Inayojua Kuondoka

Wakufunzi wenzangu, wauguzi, nanyi wanafunzi mlioacha mapumziko yenu ya alasiri kuja kunisikiliza, ahsanteni sana.

Nianze na kichupa ambacho karibu kila aliyefanya kazi kwenye chumba cha upasuaji amekishika: ketamini, dawa ya usingizi. Mama amefikishwa kituo cha afya usiku, mtoto amelala vibaya tumboni, umeme umekatika, mashine ya usingizi hakuna. Anachomwa sindano ya mshipa. Baada ya dakika moja hivi hausikii wembe, lakini anapumua mwenyewe na shinikizo lake la damu halianguki. Dawa hiyo imekwenda kufanya nini kichwani mwake?

Seli za ubongo husemezana kwa kemikali, na kemikali kubwa ya kuamshana ni glutamati. Seli inayopokea ina vipokezi vya aina kadhaa. Leo nitakaa kwenye kimoja, kile kiitwacho NMDA. Huu ni mlango wenye komeo, na komeo lenyewe ni chembe ya magnesiamu iliyoziba tundu. Glutamati ikigonga peke yake, mlango haupitiki. Sharti seli iwe imekwisha kuchangamka kwa njia nyingine. Hapo magnesiamu huchomoka na kalsiamu huingia. Kwa njia hiyo seli mbili zilizoamka pamoja huimarisha uhusiano wao, na wewe unalikumbuka leo somo la jana.

Kalsiamu ikizidi, seli hufa. Mtu akipatwa na kiharusi, eneo lililokosa damu humwaga glutamati ovyo na milango hubaki wazi. Basi watafiti wakasema: tuizibe. Miaka ya 1990 zikajaribiwa dawa mbili za kuziba, selfotel na aptiganel. Panya walinufaika. Wagonjwa hawakunufaika, wapo waliochanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, na majaribio yakasitishwa. Panya alikuwa akipewa dawa mapema, wakati binadamu hufika hospitali saa kadhaa zimepita. Lakini kuna kosa jingine ambalo kwangu ndilo kubwa: mlango ule ule unatumiwa na seli zenye afya ili tufikiri, tukumbuke na tutambue mahali tulipo. Huwezi kuwaziba midomo watu wa mtaa mzima kwa sababu nyumba moja inapiga kelele.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Fensiklidini, dawa ya usingizi iliyotengenezwa mwaka 1956 katika maabara za kampuni ya dawa ya Parke-Davis huko Detroit, Marekani, huingia kwenye tundu hilo na kung'ang'ania. Wagonjwa waliamka wakiweweseka kwa muda mrefu, ikabidi iachwe. Mwaka 1962 mwanakemia Calvin Stevens akatengeneza ndugu yake, ketamini, ambayo haikai sana. Mgonjwa huzinduka mapema zaidi na kuweweseka kwake ni kwa muda mfupi. Kisha iko memantini, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2003 kwa ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu za wazee. Nayo huingia tundu lile lile, ila hutoka upesi, hivyo mazungumzo ya kawaida ya seli huendelea. Haiponyi Alzheimer, na nafuu yake ni ndogo, lakini mzee anayeitumia anaweza kukaa sebuleni na wajukuu bila kuweweseka. Tundu ni moja kwa dawa zote tatu. Kinachotofautiana zaidi ni muda wa kukaa.

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitoa taarifa ya wagonjwa wachache wa sonona waliopewa ketamini kidogo, wakapata nafuu ndani ya siku tatu, ilhali vidonge vya kawaida huchukua wiki kadhaa. Kutokana na njia hiyo, mwaka 2019 Marekani iliidhinisha esketamini, aina ya ketamini ya kupuliza puani, na mgonjwa hukaa chini ya uangalizi kwa saa mbili au zaidi kila anapoitumia. Nawasihi, msimpe mtu ketamini akaitumie nyumbani kwa sababu amesikia habari hizi. Wanaoizoea huharibika kibofu, na nafuu ile haidumu yenyewe.

Nirudi kwenye komeo, yaani magnesiamu. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000, wajawazito na waliotoka kujifungua, katika nchi 33, wote wakiwa na dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Magnesiamu salfeti ilipunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Jinsi inavyofanya kazi bado kunajadiliwa. Kuziba mlango wa NMDA ni mojawapo ya maelezo, na mimi naona lina uzito. Komeo hili la mwilini lina adabu ambayo watengeneza dawa wamehangaika miaka mingi kuiga: seli ikichangamka kweli, linapisha.

Kwa hiyo mkirudi wodini, angalieni kabati la chumba cha kujifungulia. Kama vichupa vya magnesiamu vimebaki viwili, agizeni leo, msingoje mwisho wa mwezi.

Naam, dada wa kule nyuma, karibu uulize.