Daftari la Mzee wa Kagera

REHEMA: Karibuni tena. Hizo honi mnazosikia ni foleni ya Mwenge, mtuvumilie. Kaka Juma, shikamoo.

JUMA: Marahaba, mdogo wangu. Leo nina hasira kidogo. Juzi nimempeleka baba mdogo kliniki ya presha. Mzee alipigana Kagera huyo, hadi leo ana kipande cha chuma mguuni. Faili halionekani.

REHEMA: La karatasi?

JUMA: Afadhali lingekuwa la karatasi! La kwenye kompyuta. Kumbe kasajiliwa mara mbili, jina limeandikwa kwa herufi tofauti. Daktari anamuuliza, "Mzee, una aleji na dawa yoyote?" Mzee akachomoa daftari la shule mfukoni. Dawa zote kaziandika humo kwa mkono wake.

REHEMA: Jeshi halimtoki mtu! Sasa wewe ulisema utatuletea habari za askari wastaafu wa Marekani.

JUMA: Ndiyo, wana idara yao yenye hospitali nchi nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1970 madaktari na mafundi wake walianza kujitungia programu mle mle hospitalini, wengine kwa kujificha, maana wakubwa wa kompyuta hawakutaka. Ndiyo ikazaa VistA, mfumo wa kompyuta wa mafaili ya wagonjwa. Kimbunga Katrina kilipoifunga hospitali ya New Orleans mwaka 2005, wagonjwa wakakimbilia majimbo mengine na mafaili yao yale yale yakasomeka huko kwenye kompyuta.

REHEMA: Na yule nesi wa idara hiyo uliyenitajia?

JUMA: Sue Kinnick, wa Topeka, Kansas. Mwaka 1992 anarudisha gari la kukodi, akamwona mhudumu analisoma gari kwa kidude cha mkononi. Akawaza, kama gari linatambuliwa hivi, kwa nini asiwe mgonjwa na kidonge chake? Wakaweka ile mistari myeusi, kama ya kwenye pakiti ya biskuti, kwenye bangili ya mgonjwa na kwenye dawa. Visipoendana, kompyuta inamwonya nesi kabla hajatoa dawa.

REHEMA: Hapo hakuna kukosea tena.

JUMA: Thubutu! Kuna hospitali za huko manesi walioelemewa walichapa bangili za ziada, wakawa wanasoma hizo badala ya mkono wa mgonjwa.

REHEMA: Mbona kama wa kwetu!

JUMA: Subiri. Oktoba 2020 idara ile ikaanza mfumo mpya kabisa, wa kununua, hospitali ya Spokane, jimbo la Washington. Daktari anaagiza kipimo au rufaa, asipochagua mahali panapotambulika, agizo linaangukia foleni isiyojulikana, na yeye haambiwi kitu. Wakaguzi wa idara hiyo hiyo wakatoa ripoti 2022: maagizo zaidi ya 11,000 yalipotelea humo, na wagonjwa 149 wakadhurika.

REHEMA: Mungu wangu! Na daktari anajua kashamaliza.

JUMA: Hicho ndicho kinachonikera. Faili la karatasi likipotea, karani anakwambia halipo, unagomba naye pale dirishani. Mashine inapokea, inanyamaza, na wewe unaondoka umeridhika.

REHEMA: Na la baba mdogo limeishia wapi?

JUMA: Dada wa mapokezi kayaunganisha, sasa ana namba moja. Tumetoka getini tu, mzee ananituma duka la vifaa vya shule. Kaunta buku, kwaya mbili.