Binadamu haachi kukua

Asalaam aleikum, habari za jioni jamani. Nyinyi mliosimama pale mlangoni ingieni, viti viko huku mbele.

Sisi hapa Mombasa tukisema mtu anakua tunamfikiria mtoto, akishaota ndevu basi, kashakua. Mwanasaikolojia Erik Erikson alikataa hiyo. Huyu alizaliwa Ujerumani 1902, baba mzazi hakupata kumjua, akalelewa na baba wa kambo Myahudi, sasa shuleni watoto wanamtania Myahudi wewe, akienda sinagogi nako wanamcheka maanake ni mrefu ana nywele za dhahabu, hafanani nao. Yaani huku si wao na kule si wao. Ndio mimi namwamini akiniambia kijana wa miaka 12 mpaka 18 hivi kazi yake kubwa ni kujua, mimi ni nani? Kwenye kitabu chake cha 1950 akapanga hatua 8, tangu kuzaliwa mpaka uzeeni, na kila hatua ina mvutano wake.

Mtoto mchanga anajifunza kuamini, nikilia kuna mtu atakuja au hakuna. Akifika mwaka wa pili wa tatu anataka kujifanyia mwenyewe. Juzi kwenye feri ya Likoni, watu washaanza kushuka, kuna katoto kameketi chini kanavaa ndala, ya kulia kaitia mguu wa kushoto, watu wanapita wananung'unika na mamake kainama tu, kajifunga leso, anamwambia "vaa mwanangu, vaa". Wallahi nilitaka kumpa mkono yule mama. Mtoto akinyakuliwa na kugombezwa mbele za watu kila siku, anabaki na aibu na kujitilia shaka.

Kisha michezo, kisha shule na madrasa, pale anataka kusikia umeweza. Halafu ndio hawa vijana wetu wa maskani, leo rapa kesho fundi simu, na sisi tunasema wamepotea. Erikson alisema kijana anahitaji kujaribu-jaribu huku, ndio njia ya kujipata, kwa hivyo tuwape nafasi na tusiwape majina mabaya, maanake jina ukimpa atalivaa.

Ujanani mtu anatafuta wa kupendana naye asiwe mpweke. Lakini mimi hasa nimekuja kwa wenzangu wa 40 mpaka 65, hapa swali ni, unamlea nani, unamwachia nani ujuzi wako? Ukikosa jibu unadumaa. Mjomba wangu ni seremala, alipofunga karakana akawa wa barazani tu, kuanzia alasiri mpaka magharibi, haongei, kila kitu kinamuudhi. Siku moja kijana wa jirani akamletea mbuzi ya nazi ya nyanyake, mguu umevunjika. Mjomba akaigeuzageuza, akaitisha randa yake, akamwambia yule kijana "shika hapa, usikaze sana". Wakashinda nayo mpaka adhana. Kesho yake kijana karudi na kiti, na mwenzake.

Sasa hebu angalieni, pale barazani walikuwa wawili, mmoja anatafuta yeye ni nani, mwingine anatafuta wa kumwachia, na kila mmoja alikuwa ndio dawa ya mwenzake.

Haya, nawaachia nafasi ya maswali, tuanze na kina mama wa upande huu wa kushoto.