Faili Linagoma Pale Pale: Upakuaji Unapokwama Nyumbani

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Zuhura.

BARAKA: Na mimi ni Baraka, na leo nimekuja na kesi yangu mwenyewe. Jumamosi nzima, dada Zuhura, nimeshinda napakua faili la kusakinisha mfumo endeshi, gigabaiti 5 na ushee. Linakwenda vizuri tu, likifika gigabaiti 4 linagoma. Nimeanza upya mara tatu, na mara zote limegoma pale pale.

ZUHURA: Pole sana, kaka. Hiyo "pale pale" iweke akiba, tutairudia. Lilipogoma mara ya kwanza ulifanya nini?

BARAKA: Nilizima ruta, nikaiwasha.

ZUHURA: Wengi wetu ndipo tunapokimbilia, na kuna siku inasaidia kweli. Ila ukizima ruta kabla hujatazama chochote, unafuta ushahidi. Kesho tatizo likirudi hujui lilitoka wapi. Mimi ninachowaomba wasikilizaji ni kimoja: tafuteni kwanza ni kipande gani cha njia kimeziba. Faili linatoka kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayolihifadhi, linapita kwa mtoa huduma wako, linaingia kwenye ruta, linaruka hewani kwa waifai hadi kwenye kompyuta, halafu linaandikwa kwenye diski. Popote hapo linaweza kukwama.

BARAKA: Na kuna kukwama, kuna kwenda polepole.

ZUHURA: Ndiyo, na hayo ni maradhi mawili tofauti. Tuanze na polepole, kwa sababu hapo wengine hawana ugonjwa wowote. Mtu amelipia kasi ya 40, anaona kivinjari kinamwonyesha 5, anahisi ameibiwa. Mtoa huduma anahesabu kwa megabiti, kivinjari kinahesabu kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Arobaini gawanya kwa nane ni tano. Anapata chote alicholipia.

BARAKA: Kwa hiyo faili langu la gigabaiti 5.4, kwa kasi hiyo, ni kama dakika 18.

ZUHURA: Dakika 18, njia ikiwa nyeupe. Likichukua saa tatu, hapo sasa tunatafuta.

BARAKA: Tunaanzia wapi?

ZUHURA: Pakua kitu kingine kutoka mahali pengine kabisa. Hicho kikija mbio, basi seva ya kwanza ndiyo iliyoelemewa, hasa siku toleo jipya linapotoka na dunia nzima inalipakua kwa pamoja. Hapo huna la kutengeneza nyumbani. Tafuta seva mbadala kama wachapishaji wa programu wameiweka, au subiri usiku. Kila kitu kikiwa kizito, rudi ndani ya nyumba.

BARAKA: Kwenye waifai.

ZUHURA: Kwenye waifai, lakini kwa kupima, tusiituhumu bure. Chukua waya wa mtandao, chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye ruta, pakua tena. Kasi ikipanda ghafla, umeshapata jibu. Na kama huna waya, kuna njia ninayoipenda zaidi. Wakati upakuaji unaendelea, fungua madirisha mawili ya amri. Tutatumia ping, amri inayotuma ujumbe mdogo na kupima jibu linarudi baada ya muda gani. La kwanza andika ping na anwani ya ruta yako, ruta nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. La pili andika ping 1.1.1.1, hiyo iko nje ya nyumba. Kwenye Windows ongeza -t ili isiache. Halafu kaa utazame namba zote mbili.

BARAKA: Natazama nini hasa?

ZUHURA: Muda, kwa milisekunde. Ruta iko chumba cha pili, inatakiwa ijibu kwa milisekunde chache tu. Ukiona ruta yenyewe inaruka kutoka 3 hadi 250, au haijibu kabisa, tatizo liko hewani, kati yako na ruta. Ruta ikitulia kwenye 3 huku ile ya nje ikipaa, basi waifai haina hatia. Tatizo liko kwenye njia ya kutoka rutani kwenda nje.

BARAKA: Na ikiwa ni hewani?

ZUHURA: Sogea karibu na ruta, au itoe nyuma ya kabati. Ukiweza hamia masafa ya 5 GHz. Haya hayapenyi ukuta vizuri, lakini yana nafasi kubwa. Yale ya 2.4 GHz yanafika mbali, ila yamejaa watu. Chaneli zisizogongana humo kwa kawaida ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11, na majirani wote wanagombania hizo hizo. Hata jiko la maikrowevu linafanya kazi kwenye masafa hayo. Upakuaji wako ukidorora kila chakula kinapopashwa moto, si mawazo yako.

BARAKA: Sasa, hiyo ya nje kupaa. Simulia ile ya kwenu.

ZUHURA: Ile ilinisumbua wiki mbili. Kila jioni, saa mbili hivi, upakuaji unakufa. Kasi ya kushusha ninayo, nimeipima mchana, ni nzima. Jioni faili linakwenda, linasimama, linakwenda, linasimama. Nikafungua yale madirisha mawili. Ruta milisekunde 2, imetulia kabisa. Ya nje, ambayo mchana ni 30, inasoma 900. Nikapita nyumba nzima nikauliza nani anafanya nini. Hakuna aliyekuwa akipakua kitu. Simu moja tu ilikuwa kwenye chaji, imeunganishwa na waifai, inapandisha picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni.

BARAKA: Lakini hiyo inapandisha, wewe unashusha. Zinagongana wapi?

ZUHURA: Hapo ndipo watu wengi wanapotea. Unaposhusha faili, kompyuta yako hainyamazi. Kila mara inairudishia seva risiti: nimepokea, leta nyingine. Risiti hizo zinapitia njia ya kupandisha, na miunganisho mingi ya nyumbani ina njia ya kupandisha nyembamba kuliko ya kushusha. Simu ikiijaza, risiti zinapanga foleni ndefu ndani ya ruta. Seva haioni risiti, inapunguza mwendo. Njia ya kushusha iko wazi, lakini hakuna anayeitumia.

BARAKA: Ukaifanyaje?

ZUHURA: Nikaiwekea simu ipandishe picha usiku wa manane. Na ruta nyingine zina mpangilio wa kudhibiti foleni, mara nyingi utaukuta umeandikwa QoS au SQM. Weka kikomo cha kupandisha chini kidogo ya kasi yako halisi, foleni inapungua sana. Kagua na kompyuta zenyewe: Windows ina mpangilio unaoitwa Delivery Optimization, unaweza kuwa unagawa vipande vya masasisho kwa kompyuta nyingine bila wewe kujua. Unaweza kuuzima.

BARAKA: Kwa nini seva inapunguza mwendo kwa risiti kuchelewa tu?

ZUHURA: Kwa sababu mtandao ulishawahi kujiziba wenyewe. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umbali usiofika mita 400, kasi ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kila kompyuta ilikuwa inarudia kutuma, foleni inazidi. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, akachapisha suluhisho mwaka 1988: ukiona pakiti, yaani vipande vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni, zinapotea, punguza mwendo sana, kisha panda taratibu. Adabu hiyo bado tunaishi nayo. Ndiyo maana waya uliolegea, unaopoteza pakiti chache tu, unaweza kuuvuruga upakuaji mzima.

BARAKA: Na ukikatika katikati, mtu asianze sifuri.

ZUHURA: Asianze! Seva nyingi zinakubali kukupa faili kuanzia ulipoachia. Kwenye kivinjari jaribu kitufe cha kuendelea. Kikishindwa, tumia wget -c na kiungo chako, au curl -C - pamoja na -O. Kwa mafaili makubwa mimi siamini kivinjari hata kidogo.

BARAKA: Haya. Turudi kwenye gigabaiti 4 zangu.

ZUHURA: Mtandao mbovu hauchagui mahali. Unakata leo kwenye moja, kesho kwenye tatu na nusu. Kitu kinachogoma pale pale kila mara kina ukuta. Ulikuwa unahifadhi wapi?

BARAKA: Kwenye flashi. Diski ya kompyuta imejaa.

ZUHURA: Flashi hiyo, nenda kwenye sifa zake. Mfumo wa mafaili, yaani namna flashi inavyoyapanga, umeandikwaje?

BARAKA: Ngoja niichomeke hapa... FAT32.

ZUHURA: Ndio ukuta wenyewe. FAT32 haiwezi kubeba faili moja linalofika gigabaiti 4, hata flashi yenyewe iwe ya gigabaiti 64. Ruta yako haikuwa na kosa lolote. Hamisha vilivyomo kwanza, kwa sababu kuifomati kunafuta kila kitu, kisha ifomati kwa exFAT, mfumo usio na ukuta huo.

BARAKA: Nahamisha sasa hivi.

ZUHURA: Wakati huo niwaambie wenzetu wanaokwama kwenye asilimia 99: mara nyingi hapo mtandao umeshamaliza kazi. Ni kinga ya virusi inalikagua faili zima, au diski inajaa. Msilifute, subirini dakika chache.

[Kipindi kilisimamishwa, kikaendelea baada ya nusu saa.]

BARAKA: Tumerudi. Limepita 4, limepita 5, limekamilika.

ZUHURA: Usilisakinishe bado. Ukurasa ulikolitoa una alama ya SHA-256, herufi na tarakimu 64, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili: faili likiharibika njiani, alama inabadilika. Kwenye Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256, uone kama zinafanana.

BARAKA: Naisoma... inaanza 9f3, hapa 9f3. Mwisho c07... c07. Nipe muda nisome na za katikati.

ZUHURA: Soma zote.

BARAKA: Zote 64 zimelingana.