Irabu saba, herufi tano

Ndugu zangu mnaotafsiri Biblia katika lugha zenu, nitarudia lile lile, maana bado watu wanakuja na rasimu ya Injili ya Marko kabla hawajahesabu irabu za lugha yao. Kisukuma kina irabu saba. Kinyakyusa saba, Kirangi saba, Kikuria saba. Wagogo na Wahehe wana tano, wao wamepona. Ninyi wengine mkiazima a, e, i, o, u za Kiswahili, irabu mbili zinakosa pa kukaa.

Namsikia mtu pale nyuma: "Mwenye lugha yake ataelewa tu." Haya, tuwatazame Waswahili wenyewe. Kabla ya herufi za Kirumi waliandika kwa hati ya Kiarabu, yenye alama tatu tu za irabu fupi. Kasra ikabeba i na e, dhumma ikabeba u na o. Sasa niandikie "tua mzigo" kwa hati ile. Nautua au nautoa? Na bilinganya, umesema nikachume au nikachome? Mmoja atakwenda bustanini, mwingine atawasha jiko. Aliyekuwa na utenzi kichwani hakupata taabu, kwa sababu hakuwa anasoma, alikuwa anakumbuka. Hadi wajuzi wa Mombasa wakabuni alama za ziada, na hawakuwa wanatafuta mapambo.

Kuhesabu irabu hakuhitaji maabara. Andika neno moja kwenye kadi moja, nomino fungu lake, vitenzi fungu lake. Anza na nomino ambazo irabu ya shina inajirudia. Kwenye kitenzi sikiliza irabu ya mzizi, usiangalie ya mwisho, maana ile karibu siku zote ni a. Wenye lugha watamke, wapange kadi kwa sauti zinazofanana, na mtaalamu wa isimu afunge mdomo. Lugha ikiwa na irabu saba, mafungu yatafika saba bila kusukumwa. Mkichanganya nomino na vitenzi, viambishi vitawavuruga na mtabishana mpaka jioni.

Kisha chagueni herufi. Wengi huku kwetu wanatumia ɨ na ʉ. Wakikuyu wanaweka kiwimbi juu, ĩ na ũ, na maisha yanaendelea.

Sasa pa kuharibia kazi: jaribio la tahajia, yaani namna ya kuandika mliyoichagua. Watu wanampa mzee Sala ya Bwana katika tahajia mpya, anaitiririsha, kamati inapiga makofi. Jamani! Ile angeisoma hata mngempa karatasi tupu! Tumieni hadithi ngeni, aya mbili, kwa wenye lugha wanaosoma Kiswahili na ambao hawakukaa kwenye kamati. Mkiwa na tahajia mbili za kulinganisha, nusu waanze na ya kwanza, nusu na ya pili, la sivyo ile inayosomwa baadaye itapendelewa bure. Msiwape nafasi ya kujizoeza. Mmoja ashike saa, mwingine ahesabu pale msomaji anaposita, anaporudia na anapokosea. Halafu funika karatasi, uliza hadithi inahusu nini.

"Lakini wote wanajua Kiswahili!" Ndiyo, na ndiyo maana darasa la kusoma haliwi la kufuta ujinga, ni la mpito. Mtu anayesoma gazeti usimrudishe kwenye ba be bi bo bu. Mpe herufi mbili mpya na vitabu vidogo vya hadithi, vingi, kabla ya Injili.

Naona mwenyekiti ameshika saa. Ukaguzi wa jamii, na tafsiri rejea, yaani kurudisha tafsiri katika Kiswahili ili mshauri aikague, mnavijua. Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti: kama wakati uliopita na ujao vinatenganishwa na toni peke yake, weka alama kwenye kitenzi hicho. Usinyunyize alama kila silabi kama chumvi.

Na kiwandani kwa wachapaji, pelekeni PDF yenye fonti ndani yake. Ukipeleka faili ya Word, fundi atabadili fonti ili ipendeze, na kila ʉ itatoka kisanduku kitupu. Omba nakala moja ya mfano, tafuta Ɨ na Ʉ kubwa mwanzoni mwa sentensi, maana fonti nyingine zina ndogo tu. Ukiziona, ndipo useme "chapeni".