Bata Mzinga Hayupo, na Wageni Wameshiba

(Mhadhara uliotolewa mbele ya Waswahili wa Columbus, Ohio, mwanzoni mwa Novemba. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele. Na nyie vijana mliojibanza kule mlangoni, mambo.

Nimeombwa nizungumzie chakula kisicho na nyama cha Sikukuu ya Shukrani, ile Thanksgiving ya Wamarekani, Alhamisi ya nne ya Novemba, ambapo kwa desturi huliwa bata mzinga. Mwenyekiti aliponipigia simu nilimuuliza, "Kwani nani kaacha nyama?" Akacheka. Akasema, "Hakuna aliyeacha, dada, ila kila mwaka tukikutana nusu ya watu wanaishia kula wali mkavu."

Ni kweli, na nyote mmeliona. Mjomba anauliza bata kachinjwa na nani. Ndugu zetu Wasabato, wengine wao hawagusi nyama kabisa. Yupo shemeji Mhindu. Yupo mzee aliyekatazwa na daktari, naye anatazama sinia kama mtoto anayetazama dirisha la duka. Bata ni mmoja, maswali kumi. Ukiondoa nyama mezani, maswali yote yanakwisha kwa mkupuo. Sisemi mwache nyama maisha, mimi mwenyewe ni mtu wa Tanga, mishikaki naijua. Nasema Alhamisi moja.

Kabla sijawafundisha, nikiri langu. Miaka michache iliyopita nilimwalika binti mmoja wa kazini ambaye hajala nyama tangu kuzaliwa kwake. Nikampikia wali wa viungo, nikamwapia hauna kitu. Akala sahani mbili, akasifu. Mwanangu wa miaka sita akaja mezani na karatasi ya dhahabu aliyoiokota jikoni, ina picha ya kuku. Kidonge cha supu! Mkono ulikwenda wenyewe kabatini, kwa mazoea ya miaka ishirini. Yule binti hakusema neno. Aliweka kijiko chini taratibu, akaomba maji. Hadi leo nikisikia harufu ya kidonge kile nasikia na sauti ya kijiko.

Kwa hiyo somo la kwanza si mapishi, ni lebo. Supu ya boksi ya kuku ambayo watu hapa huimwagia mikate ya kujazia bata. Siagi ndani ya viazi vya kuponda, kwa asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama. Zile pipi nyeupe laini zinazotandazwa juu ya viazi vitamu zina jelatini, na jelatini nyingi hapa ni ya nguruwe. Ganda la pai huweza kuwa na mafuta ya nguruwe. Somo hilo limekwisha, someni lebo.

Sasa tuje kwenye sikukuu yenyewe, maana watu wengi hudhani bata mzinga ndiye mwenye shughuli. Mwaka 1621, kule Plymouth, Massachusetts, Waingereza kama hamsini waliosalia baada ya majira ya baridi ya kwanza walikula pamoja na Wampanoag, wenyeji wa asili wa pale, wapatao tisini na mkuu wao Massasoit, siku tatu. Tunajua hayo kwa barua ya mmoja wa Waingereza hao, Edward Winslow. Barua inataja ndege waliowindwa na kulungu watano walioletwa na Wampanoag. Bata mzinga hatajwi kwa jina. Kinachotajwa waziwazi ni mavuno ya mahindi, na mahindi hayo walifundishwa kuyapanda na Tisquantum, mtu wa nchi ile. Wajukuu wa wenyeji hao, tangu mwaka 1970, hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza yaliyofuata. Nalisema ili tukikaa mezani tujue tumekaa juu ya nini.

Watu wa Haudenosaunee, wenyeji wengine wa asili upande wa New York na Kanada, huita mahindi, maharage na maboga "dada watatu". Muhindi unasimama kama mti. Haragwe linaukwea, na mizizi yake inarutubisha udongo. Boga linatambaa chini, majani yake yanazuia magugu na kutunza unyevu. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilitaka kucheka, maana huyo ni bibi yangu na shamba lake Korogwe! Hakuna aliyemwambia kitu. Au niseme aliambiwa, ila safari ilikuwa ndefu: mazao haya matatu asili yake ni Amerika, yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kupita. Tukayapokea, tukayatia nazi, tukasahau yalikotoka. Hata jina tumelipa Uhindi, mahindi. Wenzetu wa Bukavu na Goma mliosoma Kifaransa, bata mzinga mnamwita dinde, naye jina lake linataja Uhindi, na Waingereza wakamwita Mturuki, turkey. Masikini ndege wa Mexico, kila mtu kampa pasipoti yake.

Ninachotaka kusema ni hiki. Msihangaike kununua soya iliyofinyangwa ikafanana na bata. Ukiweka bata wa bandia mezani, kila mtu anamkumbuka wa kweli. Wekeni boga, lina haki yake pale, na sisi tunalijua kulipika kuliko wengi.

Lakini boga gani? Haya makubwa ya rangi ya machungwa yanayochongwa macho na meno ni nyuzi na maji. Na yale ya maonyesho ya Circleville, hapo kusini mwetu, wanayoyafanya tangu mwaka 1903, hayo mkapige picha tu. Tafuteni kabocha, boga la Kijapani. Maganda ya kijani kibichi, nyama ngumu, ya unga, tamu. Ndilo linalokaribia boga la nyumbani. Mkilikosa, chukueni butternut, lile lenye shingo, lakini hilo halisimami, litafaa kwa futari tu.

Kabocha la kilo mbili hivi. Kateni mfuniko juu, kwa kisu kizito na kitambaa chini ya boga lisiteleze, maana nimeshawahi kushonwa kidole kwa ajili ya boga. Komba mbegu, usizitupe, zikaange na chumvi watoto watafune. Paka ndani mafuta, chumvi, na tangawizi iliyotwangwa. Oveni nyuzi 200 za Selsiasi, kwenye oveni za hapa ni 400 za Farenhaiti, dakika arobaini hivi. Unataka kisu kipenye ukutani, lakini ukuta usimame. Likilegea umeshachelewa, geuza mpango uwe futari.

Huku unapika pilau. Hapa naomba mnisikilize. Pilau isiyo na nyama huwa inaaibika kwa sababu mpishi kaharakisha kitunguu. Rangi ya pilau ni kitunguu. Kaanga mpaka kiwe kahawia ya kweli, kinanukia utamu, karibu kiungue, ndipo utie kitunguu saumu na tangawizi, bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga. Uyoga ukaangwe peke yake, kikaango kikavu, mpaka maji yake yote yaishe na uanze kushika rangi. Ukiutia mbichi unapata uji. Na mbaazi. Mbaazi zipo za kopo kwenye maduka ya Walatino, zimeandikwa gandules. Wali uwe umebakiza kiini kidogo. Jaza boga, rudisha mfuniko, irudi ovenini dakika ishirini na tano. Ukifika mezani unafunua mbele ya watu, moshi unatoka na karafuu, halafu unakata kipande kama keki, ukuta na pilau yake. Mwaka jana shemeji yangu, mtu wa nyama hasa, aliuliza kama limebaki jingine. Halikubaki.

Dada wawili waliosalia ni makande. Wakenya mtasema githeri, sawa, sitagombana leo. Mahindi yaliyokobolewa yapo kwa Wamexico, wanayapikia pozole. Loweka Jumanne usiku, chemsha Jumatano, saa mbili au tatu mpaka yapasuke. Maharage mekundu, tafadhali sana, yasianzie kwenye ile sufuria ya umeme ya kupika polepole. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi, na tumbo litakusimulia usiku kucha. Loweka, mwaga maji, chemsha kwa moto mkali dakika kumi nzima, ndipo uyahamishie popote. Changanya na mahindi, kitunguu, nyanya, karoti, mwisho tui zito. Tui likiingia usifunike na usiache kukoroga, litakatika. Tui la kopo nalo hukatika, msidanganyike na bei.

Kisamvu nitapita haraka. Kilichotwangwa kipo kwenye friza za maduka ya Waafrika. Hata kama kimetwangwa, kichemshwe vizuri, kisamvu kibichi si cha mchezo. Karanga iliyosagwa iwe karanga tupu. Siagi ya karanga ya hapa wengine wanaitia sukari.

Kranberi, vile vitunda vyekundu, watu wanaogopa bure. Kranberi ni ukwaju uliovaa nguo nyingine. Mfuko mmoja wa gramu 340, sukari kikombe kisichojaa, maji kidogo, tangawizi, pilipili kichaa moja nzima isiyopasuliwa. Vitunda vitapasuka vyenyewe, tap tap tap, dakika kumi. Kikipoa kinaganda, unakila kama achari pembeni ya pilau. Mtoto wangu anakipaka kwenye chapati.

Mzee ameuliza hapa, na protini je? Baba, mahindi na maharage yakikaa sufuria moja yanakamilishana, bibi zetu wamelea watu kwa chakula hicho. Ongeza mbaazi ndani ya boga na karanga kwenye kisamvu, hutadai kitu.

Naona saa inanitazama. Pale nyuma kuna sufuria tatu, nimezileta za moto ingawa barabara ilikuwa na barafu. Makande ni ile kubwa. Yenye mfuniko mwekundu ni kisamvu, ina karanga, mwenye mzio asiisogelee na wala asichukue kijiko chake. Boga ni moja, nitakata mwenyewe, wazee kwanza.