Shujaa Anauliwa na Nini?

Haya jamani tuendelee. Ukitaja shujaa wa masimulizi, mtu wa kwanza kutajwa ni Joseph Campbell, yule Mmarekani aliyechambua hadithi za mashujaa kwenye kitabu chake cha 1949, akasema shujaa anaondoka kwao, anapambana huko ugenini, anarudi na kitu cha kuwafaa watu wake. Sawa, sina ugomvi na hilo. Ila mi naona linatukodolesha macho kwenye safari tu, wakati utamu wa hizi stori, pale msikilizaji anaposogea karibu kabisa, ni pale shujaa anapoulizwa: wewe unauliwa na nini?

Chukueni Fumo Liyongo. Mfalme wa Pate kamfunga, jamaa katoka gerezani kwa tupa aliyoletewa ndani ya mkate, anakata minyororo huku nje ngoma inapigwa sauti ya tupa isisikike. Silaha hazimfanyi kitu. Sasa wafanyeje? Wakamwendea mwanawe wa kumzaa, wakamwahidi kumwozesha binti wa mfalme, naye akaenda kumuuliza baba yake. Na baba akasema! Sindano ya shaba, kitovuni. Kijana akamchoma usingizini, Liyongo akaamka akachukua uta wake, akaenda kupiga goti karibu na kisima mshale umeelekezwa, akafa vile vile alivyo, na watu hawakuthubutu kuteka maji wakidhani bado yu hai.

Angalieni nani kauliza. Mtoto.

Samsoni anaulizwa na Delila, anadanganya mara tatu, ya nne anasema kweli, yaani anajua kabisa kinachokuja maana zile tatu za kwanza zote alijaribiwa palepale. Lwanda Magere wa Wajaluo, mwili wake jiwe, mikuki haiingii, maadui wakamletea binti akamwoa, siku alipougua akamwambia mkewe amchanje dawa kwenye kivuli, mke akaona kivuli kinatoa damu basi akatoroka kwenda kuwaambia kwao. Siku ya vita mkuki ukapigwa kwenye kivuli.

Ila anayeniuma zaidi ni Siegfried wa Wajerumani, kwenye utenzi ulioandikwa mnamo mwaka 1200. Kaoga damu ya joka, ngozi imekuwa ngumu kote isipokuwa katikati ya mabega, jani liliangukia hapo. Na mkewe Kriemhild hakumsaliti jamani, alimpenda! Alimwambia Hagen, mtu wa kaka yake mfalme, ili amlinde mumewe vitani, akashona alama kwenye nguo pale pale penye udhaifu, na Hagen akalenga hiyo alama. Hapo hakuna hongo wala tamaa, ni upendo mtupu ndo uliotoa siri.

Kwa hiyo mi nasema shujaa hafi kwa sababu ana sehemu dhaifu. Anakufa kwa sababu hawezi kuishi bila mtu wa kumwambia.

Mtasema mbona Achilles, yule shujaa wa Wagiriki anayesemwa alikuwa haumii popote ila kisigino, hakuna aliyeulizwa pale. Kweli, lakini nendeni kwa Homer mwenyewe, mshairi wa kale wa Wagiriki, hicho kisigino hamtakikuta. Achilles wa Homer anachubuliwa na mkuki mkononi na damu inatoka kama mtu yeyote, kinachomtofautisha ni kwamba mamake kamwambia ukibaki kupigana Troy utakufa mapema, naye akabaki. Habari ya kisigino imekuja karne nyingi baadaye, watu walimwongezea wenyewe.

Haya, mwenye swali anyooshe mkono.