Wimbo Uachwe Ufike Mwisho: Kuaga Kipindi cha Roki ya Progresivu

(Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya wasikilizaji na wafanyakazi wa kujitolea wa redio ya jamii)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, habari za jioni. Namshukuru aliyeniita, na zaidi namshukuru mtangazaji wetu wa kipindi cha roki ya progresivu, anayestaafu, aliyekaa pale mstari wa mbele. Amekataa kupanda hapa. Kaniambia, "Sema wewe, mimi nitaaga Jumapili hewani." Basi nitasema.

Wanaonifahamu wanajua nitakachosema. Nimekisema kwenye vikao vya bodi, nimekisema kwenye mafunzo ya vijana wa studio, nimekisema hata kwenye foleni ya mwendokasi pale Kimara. Wimbo uachwe ufike mwisho. Mengine yote nitakayosema leo yanatoka hapo, na kama kuna anayetaka kutoka kunywa chai mapema, ameshaipata hoja nzima.

Historia ya muziki wenyewe, hii roki ya nyimbo ndefu za vipande vingi, sitairudia, maana humu ndani mnaijua kuliko mimi. Mnajua bendi ya King Crimson ilileta nini mwaka 1969, mnajua miaka ile mitatu minne iliyofuata ilivyokuwa, na mnajua jinsi magazeti ya muziki kule Uingereza yalivyowageuka wapigaji hao hao ilipoingia panki, ile roki ya nyimbo fupi na za haraka. Tuachane nayo. Nataka kuzungumzia usiku mmoja.

Usiku huo nilikuwa chumba cha mitambo. Mtangazaji ameweka Supper's Ready ya bendi ya Genesis, ile ya mwaka 1972, inayokula karibu upande mzima wa pili wa santuri ya Foxtrot. Dakika ishirini na tatu hivi, vipande saba vilivyoshonwa pamoja. Zilikuwa zimebaki kama dakika tano umeme ukakatika. Jenereta letu mnalijua. Hadi liwake, hadi mitambo ya kurushia itulie, robo saa imekwenda.

Mtangazaji wa kawaida angefanya nini? Angeomba radhi akaweka wimbo mwingine. Mwungwana zaidi angeendelea palipokatikia. Huyu bwana akafungua maikrofoni akasema, "Poleni, tunaanza upya," akarudisha sindano mwanzo wa wimbo. Dakika ishirini na tatu nyingine! Kijana aliyekuwa anasubiri kusoma taarifa ya habari ya usiku alinijia amevimba, kwamba ratiba yote imeharibika. Nikamvutia kiti. Nikamwambia kaa hapa, usikilize.

Ulipokwisha, simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa Mabibo, mama lishe, ambaye saa zile huwa anasugua masufuria na kuloweka maharage ya kesho, redio iko dirishani. Hakuuliza jina la bendi. Kiingereza hakijui, na alisema mwenyewe. Aliuliza hivi: "Ile sauti ya mwanzo kabisa, ya upole, si ndiyo imerudi pale mwishoni, ila sasa wanaipiga kwa nguvu?"

Ndiyo, mama. Ndivyo ulivyotungwa. Ule mwanzo wa magitaa matulivu unapotea, wimbo unapita kwenye vita, unapita kwenye mzaha, unafika mahali ngoma na kinanda vinavutana kila kimoja na hesabu yake, halafu baada ya dakika ishirini ile sauti ya kwanza inarudi ikiwa imekua. Nguvu yote ya wimbo ule iko kwenye kurudi huko. Na kurudi hakuwezi kusikika na mtu ambaye hakuwepo mwanzo. Mtangazaji angeendelea palipokatikia, robo saa ya kimya ingekuwa imeshaufuta mwanzo masikioni mwa yule mama, naye angesikia kelele kubwa tu ya kumalizia. Aliubeba ule mwanzo kichwani dakika ishirini nzima, huku anasugua masufuria, bila kuambiwa na mtu aubebe. Hajasomea muziki. Alipewa tu wimbo mzima.

Kisa hiki baadhi yenu mmekisikia kwangu mara nyingi. Nitaendelea kukisimulia mpaka kila anayekaa mbele ya maikrofoni katika mji huu akijue.

Sasa najua kuna mtu ananiuliza kimoyomoyo: muziki wa Wazungu wenye nywele ndefu unatuhusu nini sisi wa Dar? Swali hili nimeulizwa na watu wazima, tena wapenzi wa dansi, na huwa linaniudhi. Dansi yenyewe ilitoka wapi? Miaka ya 1930 zilikuja santuri za Kikyuba, zile zenye alama ya GV, wazee wetu wakazisikiliza, wakazichukua, wakatufanyia muziki wetu. Hakuna aliyewauliza Havana inawahusu nini. Na roki ilipigwa hapa hapa. Sunburst walikuwa bendi ya Dar es Salaam, na albamu yao ya mwaka 1976 mpaka leo inatafutwa na watu wa Ulaya. Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946. Mwaka 1975 yeye na wenzake wa bendi ya Queen waliambiwa wimbo wao Bohemian Rhapsody, wa dakika karibu sita, ni mrefu mno kwa redio. Mtangazaji mmoja wa London akaupiga mzima, akaupiga tena na tena wikiendi hiyo hiyo, na dunia ikausikia. Mtangazaji mmoja tu aliyekataa kukata!

Lakini hata hayo niyaache. Kwa urefu, sisi tulitangulia. Wazee wa pwani waliopo hapa wanakumbuka Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, kutoka redio ya Cairo, Alhamisi ya kwanza ya mwezi, wimbo mmoja unakwenda saa nzima na kupita, na watu wamekaa. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu wa Unguja, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri za wakati ule zilibeba dakika tatu na ushei kwa upande. Ikabidi wimbo ukae ndani ya hizo tatu. Kipimo cha dakika tatu kilitokana na santuri, hakikutokana na masikio ya watu wa Unguja. Ilipokuja santuri ndefu, yenye dakika ishirini na zaidi kila upande, wale vijana wa Uingereza waliitumia nafasi yote. Yes wakajaza upande mzima kwa wimbo mmoja, Jethro Tull wakajaza pande zote mbili, yote hayo mwaka 1972. Mashine ilipolegeza kamba, wao walitembea. Redio zetu leo hazina santuri yoyote ya kuzibana, zina kompyuta inayoweza kucheza kutwa, na bado zinakata kwenye dakika ya tatu.

Na zinakata nini? Hapa ndipo ninapoumia. Chukua wimbo wowote wa dansi, wa Mlimani Park, wa Juwata, wa Maquis. Unaanza taratibu. Kuna kisa, mtu ameachwa, mtu anamlilia rafiki. Kisha gitaa la solo linabadilika, bezi inashuka, tarumbeta na saksafoni zinajibizana, ndipo chemko. Ukumbini, chemko ndiyo ilikuwa inawainua watu vitini. Maneno yote ya mwanzo ni njia ya kuelekea hapo. Zile rekodi zilizofanywa studio za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, wapigaji walipewa nafasi ya kufika. Leo fungua redio usikie zilipendwa: ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, gitaa linaanza kugeuka, na mtangazaji wa kituo hicho anaingia, "Naaam, enzi hizo! Tupate ujumbe kutoka kwa wadhamini." Chemko hamna. Kuna vijana wa miaka ishirini wanaoamini nyimbo za Mbaraka Mwinshehe ni za polepole, kwa sababu hawajawahi kuachiwa wafike zinapochemka. Ni kumwandalia mtu pilau ukamnyang'anya sahani akishanusa harufu.

Mnaona basi kwa nini nalilia kipindi cha roki. Ilikuwa ndiyo saa pekee kwenye kituo chetu ambayo haikatwi. Na mtangazaji wetu huyu, wengi hamjui, alikuwa akimaliza ya Genesis anaweza kukuwekea dansi nzima na chemko yake, au taarabu ya dakika kumi na tano, na hakuona tatizo. Alikuwa anatuonyesha kwamba ni jamaa moja.

"Vijana wa leo hawana subira." Hili nalo nimelichoka. Hao hao vijana wanakaa Simba na Yanga dakika tisini, na kabla ya hapo wameshabishana wiki nzima. Nendeni Manzese au Tandale penye kigodoro, mkaone singeli inavyopigwa usiku kucha, wimbo unazaa wimbo bila kupumua, na mtoto wa miaka kumi na saba hajachoka. Subira wanayo tele. Mtu mzima aliyekaa studio ndiye anayeogopa ukimya wake mwenyewe, anadhani asiposema kitu kila dakika mbili msikilizaji atakimbia.

"Kila kitu kipo kwenye intaneti." Kipo, kwa mwenye bando. Tena intaneti inakupa kile ulichokwishapenda, halafu inakupa ndugu yake. Yule mama wa Mabibo angeandika nini kwenye simu? Neno Genesis angelitoa wapi? Redio ya jamii kazi yake ni kumfikishia mtu kitu ambacho hakujua akiombe.

Kuhusu fedha nitasema kidogo, kwa sababu wakubwa wa kituo wapo na sikuja kugombana. Mafuta ya jenereta yanauma, najua, nimeyanunua. Lakini leseni ya redio ya jamii haikuombwa kwa ajili ya biashara. Kipindi hiki hakikugharimu chochote, santuri zilikuwa za mtangazaji mwenyewe, na anastaafu kwa hiari yake. Lililoniuma ni kwamba saa yake ilishagawiwa kwa uchambuzi wa mpira na matangazo ya kubashiri kabla hatujamaliza kumwambia asante. Hakuna aliyetafutwa kumrithi. Ombi langu ni dogo: nipeni saa hiyo, au saa yoyote, hata saa nane usiku, yenye sharti moja la kutokata. Apige nani, apige muziki gani, kijana yeyote aje na singeli yake akitaka. Sharti ni hilo moja.

Nilitaka kueleza kidogo kuhusu Mellotron, kile kinanda ambacho kila kibao chake kinavuta kipande cha kanda chenye sauti ya sekunde nane tu, kikifika mwisho lazima unyanyue kidole kanda irudi. Wapigaji walijifunza kuvusha vidole ili sauti isikatike. Na nilitaka kusema kuhusu Zambia na bendi kama WITCH. Naona natazamwa na mwenye saa. Basi.

La mwisho ni la kazi. Mtangazaji ana kaseti za vipindi vyake, mfululizo wa miaka, ziko kwenye maboksi nyumbani kwake, na joto na unyevu wa Dar havina huruma na kanda. Nyingine zimeanza kuota ukungu. Ana pia madaftari ambamo aliandika kila alichopiga na nani alipiga simu akasema nini. Hivyo ni vitu vya mji huu. Kaseti ya saa moja inahamishiwa kwenye kompyuta kwa saa moja, mtu akiwa amekaa anasikiliza, na njia ya mkato haipo. Kwa hiyo nahitaji watu wengi.

Jumamosi saa tatu asubuhi tunakutana kituoni, chumba cha nyuma. Mwenye deki ya kaseti inayofanya kazi aje nayo. Anayejua kusafisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba, aje hata mikono mitupu. Na mje na chakula, maana hatutatoka mapema.